Katiba Iliyokutwa Kwenye Visanduku vya Barua: Dola, Serikali na Sheria katika Uganda ya 1966

Mwanafunzi yeyote wa somo la sheria na utawala huanza na fasili, nami nilianza hivyohivyo. Dola ni watu wanaoishi katika eneo lenye mipaka, chini ya mamlaka ambayo hayana mkubwa mwingine juu yake. Serikali ni watu na vyombo vinavyoiendesha dola hiyo kwa muda. Serikali huja ikaondoka, dola ikabaki. Katiba ni sheria mama inayosema nani ana madaraka gani, ameyapata wapi na yanakomea wapi. Sheria hutungwa na bunge, hutekelezwa na serikali na hufasiriwa na mahakama, na mihimili hiyo mitatu huchungana. Niliyakariri yote hayo, nikayaandika kwenye mtihani, nikapata alama za kuridhisha. Kusema kweli, sikuona yana kazi gani nje ya chumba cha mtihani.

Likizo ilipofika nilikwenda kwa jjajja wangu, yaani bibi yangu, huko Buddu upande wa Masaka. Aliniuliza ninasoma nini chuoni. Nikamweleza kwa Kiganda tofauti ya dola na serikali. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mwaka ule walipomkamata Pokino, ni ipi kati ya hizo mbili iliyomkamata?" Pokino ni cheo cha chifu wa saza la Buddu katika ufalme wa Buganda, na mwaka anaousema ni 1966. Insha hii ni jaribio langu la kumjibu.

Niseme neno kidogo kuhusu maneno yenyewe, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha. Katiba inatoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotupatia kitabu na katibu: ni kitu kilichoandikwa. Waganda wao husema ssemateeka, na kile kiambishi cha mwanzo kina maana ya ubaba, kwa hiyo pale Waswahili wanaposema sheria mama, sisi tunasema baba wa sheria. Dola asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kuzunguka na kupokezana, jambo ambalo linafaa zaidi kwa serikali kuliko kwa dola, lakini ndivyo lugha zilivyo. Ama serikali, kwa wazee wengi wa Buganda neno hilo lilifika likiwa mdomoni mwa askari, maana Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi. Nadhani hiyo ndiyo sababu jjajja hulitamka kwa sauti ya chini hata leo.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 ikiwa na katiba iliyojadiliwa London. Katiba hiyo haikuwa ya nchi moja iliyonyooka. Buganda ilikuwa na hadhi ya kishirikisho, na falme za Ankole, Bunyoro na Toro zilikuwa na hadhi pungufu ya hiyo. Mizizi ya mpangilio huu ilikuwa katika mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda. Jambo la kukumbuka kwa ajili ya yatakayofuata ni kwamba katiba ya 1962 ilieleza yenyewe jinsi ya kuibadilisha: ilihitaji theluthi mbili ya Bunge, na kwa vifungu fulani vilivyohusu falme, idhini ya baraza la ufalme husika pia. Kwa Buganda baraza hilo ni Lukiiko.

Mwaka 1963 nafasi ya mwakilishi wa Malkia wa Uingereza ilifutwa, na Bunge likamchagua Kabaka wa Buganda, Sir Edward Mutesa II, kuwa Rais wa Uganda. Urais wake ulikuwa wa heshima tu. Mtendaji alikuwa Waziri Mkuu, Milton Obote, aliyetawala kwa ushirikiano wa chama chake cha UPC na Kabaka Yekka, chama cha Waganda. Hivyo mtu mmoja alikalia viti viwili, na viti hivyo viligombana mapema. Novemba 1964 wakazi wa Buyaga na Bugangaizi walipiga kura ya maoni wakachagua kurudi Bunyoro badala ya kubaki Buganda. Rais wa Uganda alitakiwa kuyaheshimu matokeo, lakini Kabaka wa Buganda hakuweza kuyameza. Mwaka huohuo ushirikiano wa UPC na Kabaka Yekka ulivunjika.

Tarehe 4 Februari 1966, Waziri Mkuu akiwa ziarani kaskazini, mbunge Daudi Ocheng alileta hoja Bungeni akiwatuhumu ofisa wa jeshi Idi Amin, Obote mwenyewe na mawaziri wawili kuhusu dhahabu iliyotoka Kongo. Bunge karibu lote liliunga mkono uchunguzi. Hapa mhimili mmoja ulikuwa unauchunga mwingine, kama daftari zetu zinavyosema. Jibu lilikuja tarehe 22 Februari: mawaziri watano walikamatwa katika kikao cha baraza la mawaziri. Siku mbili baadaye katiba ilisimamishwa. Obote alidai kuwa kulikuwa na njama ya kumwondoa, na kwamba Rais alikuwa ameomba msaada wa majeshi ya nje.

Halafu ikaja tarehe 15 Aprili. Wabunge waliitwa, jeshi likiwa limezunguka jengo la Bunge na ndege zikipita juu. Walitakiwa waipitishe katiba mpya ambayo hawakuwa wameisoma, na wakaambiwa kwamba nakala zao watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua. Baadhi ya wapinzani walitoka nje. Katiba ikapita, na Obote akaapishwa kuwa Rais mwenye madaraka ya utendaji. Tangu hapo wananchi wameiita kwa jina hilo la visanduku vya barua, na sijui kejeli nyingine ya kisiasa Uganda iliyo sahihi kama hii. Utaratibu wa kubadilisha katiba uliowekwa mwaka 1962 haukufuatwa, na Lukiiko haikuulizwa chochote.

Lukiiko ilijibu tarehe 20 Mei kwa azimio la kuitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda kabla ya tarehe 30. Vitabu vingi hulieleza azimio hili kama kiburi au wazimu, kwa kuwa Kampala imo ndani ya Buganda na serikali haikuwa na mahali pa kuhamia. Mimi naliona pia kama hoja ya sheria, hata kama wakati wake ulikuwa mbaya. Kamba iliyoifunga Buganda na Uganda ilikuwa katiba ya 1962. Aliyeikata kamba hiyo alikuwa Obote. Kama imekatwa, Buganda imefungwa na nini tena? Serikali haikujibu hoja kwa hoja. Machifu wa masaza walikamatwa, hali ya hatari ikatangazwa Buganda tarehe 23 Mei, na alfajiri ya tarehe 24 jeshi chini ya Idi Amin likaivamia Lubiri, ikulu ya Kabaka pale Mengo. Mutesa alitoroka, akapitia Burundi hadi Uingereza, na akafia London tarehe 21 Novemba 1969.

Miongoni mwa machifu waliokamatwa alikuwa Michael Matovu, Pokino wa Buddu. Kwanza alishikiliwa chini ya sheria ya kuwahamisha watu kwa nguvu kutoka sehemu moja ya nchi kwenda nyingine. Mwezi Julai aliachiliwa na papo hapo akakamatwa tena, safari hii chini ya kanuni za hali ya hatari zilizoruhusu kumweka mtu kizuizini bila kumfungulia mashtaka. Wakili wake, Abu Mayanja, aliomba Mahakama Kuu itoe amri ya habeas corpus. Amri hiyo humtaka anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji na aeleze anamshikilia kwa sheria gani. Haiulizi kama mtu ni mwema au mbaya, inauliza tu: kwa sheria gani? Ni lile swali la jjajja, limevaa joho.

Swali lilifika mbele ya majaji watatu: Jaji Mkuu Sir Udo Udoma, aliyetoka Nigeria, pamoja na Sheridan na Jeffreys Jones. Na hapo kila fasili niliyoikariri ilianza kudai nafasi yake. Matovu alishikiliwa chini ya kanuni. Kanuni zilipata nguvu kutokana na tangazo la hali ya hatari. Tangazo lilipata nguvu kutokana na Rais. Rais alipata urais wake kutokana na katiba ya Aprili. Na katiba ya Aprili je? Kama ni batili, ngazi yote inaporomoka na Matovu anakwenda nyumbani.

Mwanasheria Mkuu, Godfrey Binaisa, alitaka mahakama isiliguse swali hilo kwa kuwa ni la kisiasa. Majaji walifanya jambo ambalo mwanafunzi anapaswa kulisoma mara mbili. Walitenganisha. Uhalali wa serikali, walisema, ni suala la kisiasa na mahakama haipaswi kuliamua. Uhalali wa katiba ni suala la sheria, na hilo wanaweza kuliamua. Basi ile tofauti ya serikali na katiba, iliyonichosha darasani, ndiyo iliyoufungua mlango wa kesi.

Walipoingia mlangoni walimkuta Hans Kelsen. Mwanasheria huyu, aliyezaliwa Prague mwaka 1881 na kushiriki kuandika katiba ya Austria ya 1920, aliifundisha dunia kuiona sheria kama ngazi. Kila sheria hupata uhalali kutoka sheria iliyo juu yake, hadi katiba, na kutoka katiba hadi katiba ya kwanza kabisa. Juu ya hiyo hakuna sheria nyingine, bali lipo wazo tu tunalolikubali, ambalo yeye aliliita kanuni ya msingi: kwamba katiba hiyo itiiwe. Mapinduzi yakitokea na watu wakaanza kuutii mpangilio mpya, kanuni ya msingi imekwisha kubadilika, na sheria zote sasa zinaning'inia kwenye msumari mpya. Mahakama ya Juu ya Pakistan ilikuwa imeitumia nadharia hii mwaka 1958, katika kesi ya Dosso, kuyakubali mapinduzi ya kijeshi. Binaisa aliitaja kesi hiyo, na majaji wa Kampala wakaifuata. Waliamua kwamba matukio ya 1966 yalikuwa mapinduzi kwa maana ya kisheria, kwamba yalifaulu, na kwamba katiba ya 15 Aprili ilikuwa ndiyo sheria kuu ya Uganda.

Walijuaje kuwa yalifaulu? Walitegemea hati za viapo za watumishi wa serikali zilizosema kuwa katiba mpya imekubalika na imeshika nchi nzima, wakaona kuwa hapakuwa na ushahidi wa kinyume mbele yao. Niliposoma sehemu hii nilirudi nyuma kuhakikisha sijakosea ukurasa. Mtu aliyeleta ombi alikuwa kizuizini kwa sababu ya hali ya hatari. Hali ya hatari ilikuwepo kwa sababu, kwa maneno ya serikali yenyewe, Buganda ilikuwa imeasi. Jeshi lilikuwa limeipiga ikulu. Kama nchi ilikuwa imeikubali katiba kwa utulivu, hali ya hatari ilikuwa ya nini? Na kama hali ya hatari ilikuwa ya lazima, nani alikuwa ameikubali katiba? Sijasoma mhadhiri aliyelisema jambo hili kwa namna hii, labda kwa kuwa mjadala wote huenda kwa Kelsen. Kwa maoni yangu kasoro kubwa ya hukumu haiko katika nadharia bali katika ushahidi: nusu moja ya hukumu inaihitaji nchi yenye amani, na nusu ya pili inaihitaji nchi yenye uasi.

Ni rahisi kuwaita majaji waoga. Mimi siwaiti hivyo, au niseme siwaiti hivyo kwa haraka. Wao wenyewe walikuwa wamekwisha kula kiapo chini ya katiba mpya. Wangesema ni batili, wangekuwa wameketi pale kwa mamlaka ya nani? Mahakama haina jeshi. Lakini njia haikuwa moja tu. Mahakama inaweza kukubali kwamba maisha lazima yaendelee, kwamba ndoa zilizofungwa na kodi zilizolipwa chini ya watawala wapya zihesabiwe, bila kuibariki katiba yao. Inaweza pia kusema kwamba miezi michache ni mapema mno kujua kama jambo limeshika. Pakistan yenyewe iliigeuka kesi ya Dosso mwaka 1972, katika kesi ya Asma Jilani, na kumwita mtwaa madaraka kwa jina lake. Na wapo wasomi wengi wanaosema Kelsen alikuwa anaeleza tu jinsi sheria inavyobadilika, hakuwa anamwagiza jaji aipigie makofi.

Kuna jambo jingine dogo katika hukumu hiyo, na hilo ndilo ninaloshindwa kulisamehe. Ombi la Matovu lilikuwa na kasoro za kiutaratibu. Halikumtaja hata yule anayelalamikiwa. Majaji wakasema kwamba uhuru wa raia unapokuwa hatarini mambo ya fomu yatupwe pembeni, wakaendelea kulisikiliza. Vizuri sana. Kisha wakalipima karatasi la serikali. Hata katiba mpya, ile ya visandukuni, ilimpa mtu aliye kizuizini haki ya kupewa maelezo ya kina kuhusu sababu za kuzuiwa kwake. Maelezo aliyopewa Matovu hayakufikia kiwango hicho, na majaji walikiri hivyo. Lakini walisema hiyo ni kasoro ya utaratibu inayoweza kurekebishwa, na haikufanya kizuizi kiwe haramu. Ombi likakataliwa. Yaani fomu ilitupwa pembeni mara mbili: mara ya kwanza raia akapata nafasi ya kusikilizwa, mara ya pili serikali ikapata nafasi ya kuendelea kumfungia. Hapa hapakuwa na mapinduzi wala kanuni ya msingi ya kusingizia. Kilichohitajika ni kuisoma katiba waliyokwisha kusema ni halali na kuitii.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Tarehe 8 Septemba 1967 katiba nyingine ilichukua nafasi ya ile ya Aprili, ikazifuta falme zote. Kizuizi bila mashtaka kiliendelea. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, na hakuhitaji kutafuta nadharia: mahakama za Uganda zilikuwa zimekwisha kutamka kwamba anayefaulu ndiye halali. Mwaka huo alimteua Benedicto Kiwanuka kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza na raia wa kwanza wa Uganda kushika kiti hicho. Septemba 1972 Kiwanuka alitoa amri ya habeas corpus ya kumwachilia Mwingereza aliyekuwa ameshikiliwa na jeshi. Tarehe 21 ya mwezi huohuo wanaume wenye silaha walimtoa ofisini kwake katika jengo la Mahakama Kuu, lile lile ambamo swali la Matovu lilihusu uhuru wa kila mtu, na hakuonekana tena. Ama Binaisa, aliacha uanasheria mkuu mwaka 1967, akawa Rais mwaka 1979 baada ya Amin kuondolewa, na Mei 1980 akaondolewa naye na Tume ya Kijeshi. Tume hiyo ilifaulu.

Katiba tuliyo nayo sasa ilitangazwa tarehe 8 Oktoba 1995, baada ya tume kuzunguka nchi ikikusanya maoni na Baraza la Katiba lililochaguliwa kuijadili. Nikiisoma naona vivuli vya 1966 karibu kila sehemu ya mwanzo. Ibara ya 1 inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Ibara ya 23 inaifanya haki ya habeas corpus isivunjwe na isisimamishwe, na ibara ya 44 inairudia katika orodha ya haki ambazo hazipunguzwi hata kidogo, hali ya hatari iwepo au isiwepo. Ibara ya 3 inakataza mtu yeyote kutwaa au kung'ang'ania madaraka nje ya katiba, na inasema kwamba katiba haitapoteza nguvu yake hata ikisimamishwa na serikali iliyowekwa kwa mtutu wa bunduki. Huyo ni Kelsen anajibiwa, na anajibiwa kwa lugha ambayo hata asiye mwanasheria anaielewa. Ibara hiyohiyo inampa kila raia wajibu wa kuilinda katiba na kufanya awezalo irudi ikiangushwa.

Likizo iliyofuata nilirudi Buddu na nakala ya katiba hiyo. Nilimjibu jjajja kwamba aliyemkamata Pokino ilikuwa serikali, ikitumia jina la dola, kwa katiba ambayo ilipata uhalali wake baada ya yeye kufungwa, siyo kabla. Akasema hilo walilijua hata bila chuo. Kisha nikamsomea ibara ya 3, nikiifasiri kwa Kiganda sentensi moja baada ya nyingine. Alisikiliza hadi mwisho mikono ikiwa mapajani, akaniomba nirudie ile sehemu ya bunduki. Nikairudia. Akauliza: siku hiyo ikifika, majaji watakuwa wameapa kwa katiba ipi?